Sharti la Kukutana

Presha ni ugonjwa wa kuambiwa. Malaria hujitangaza kwa homa na kutetemeka, jino bovu halimwachi mtu alale, lakini mwenye presha ya 170 kwa 100 anaweza kuamka, akafua, akaenda sokoni na kurudi bila kuhisi lolote. Anachokijua kuhusu ugonjwa wake amekipata kwa mtu mwingine, daktari au nesi aliyemfunga mkanda mkononi, akatazama namba, akamwambia. Kwa maneno hayo anatakiwa ameze vidonge kila siku, pengine maisha yake yote, aache chumvi aliyoizoea tangu utotoni, na avumilie dawa ambazo mara nyingine humsumbua kuliko ugonjwa wenyewe.

Hilo ni dai zito. Kwa nini mtu anayejiona mzima amwamini anayemwambia kuwa anaumwa?

Swali hilo limekuwa kali zaidi tangu madaktari waanze kuonana na wagonjwa kwa simu na kwa video, utaratibu ulioenea sana duniani mwaka 2020 wakati wa korona. Manung'uniko ya wagonjwa wa presha yanafanana. Kila mara ni daktari mwingine. Anauliza yaleyale aliyoulizwa mgonjwa mwezi uliopita, anaandika bila kuinua macho, na baada ya dakika chache dozi imeongezwa. Mgonjwa anabaki na simu mkononi na jina la dawa mpya, hajui kama aliyezungumza naye atamkumbuka kesho.

Wapo wanaojibu kwamba hayo ni mazoea tu, na wana ushahidi wa kuheshimiwa. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milano walichapisha utafiti wa wagonjwa ambao presha yao ilirekodiwa mfululizo kutoka ndani ya mshipa. Daktari alipoingia na kuanza kupima, presha ya juu ilipanda kwa wastani wa karibu milimita 27 za zebaki katika dakika za mwanzo. Kuwapo kwake tu kulibadilisha kile alichokuja kukipima! Kipimo cha nyumbani mara nyingi ni cha kweli zaidi, mradi mtu aketi kwa utulivu dakika tano, ameegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono uko usawa wa moyo, na hazungumzi. Tena anayejipima nyumbani haamki alfajiri kuwahi foleni, wala halipi nauli ili aandikiwe dawa zilezile.

Kwa hiyo anayemtetea mgonjwa asiyeridhika hawezi kusimama kwenye namba peke yake. Namba zinaweza kuvuka mitandao salama. Kinachotiliwa shaka ni ushahidi wa mtu, na juu ya jambo hilo dini zimefikiri kwa muda mrefu kuliko hospitali.

Sura ya 8 ya Injili ya Mathayo inaweka uponyaji wa aina mbili karibu karibu. Kwanza anakuja mwenye ukoma, na Yesu ananyoosha mkono na kumgusa, mtu ambaye sheria na hofu vilimtaka kila mmoja akae mbali naye. Kisha anakuja akida wa Kapernaumu kumwombea mtumishi wake aliyelala nyumbani amepooza. Yesu yuko tayari kwenda, lakini akida anasema hastahili, neno tu latosha. Na mtumishi anapona bila kuonwa. Mara baada ya hapo, nyumbani kwa Petro, mama mkwe wake Petro anaguswa mkono na homa inamwacha. Umbali, basi, haukatazwi. Ila akida aliuchagua mwenyewe, na aliuchagua kwa sababu tayari alimwamini aliyekuwa akimwomba. Mwenye ukoma alikuwa ameshibishwa umbali na watu. Kumpa umbali zaidi kungekuwa kumwongezea ugonjwa.

Uislamu nao umelipandisha jambo la kumtembelea mgonjwa hadi mahali pa kutisha. Katika Hadithi Qudsi iliyomo katika Sahihi ya Imam Muslim, Mwenyezi Mungu anamuuliza mwanadamu Siku ya Kiyama kwa nini hakumtembelea alipougua, kisha anamfahamisha kuwa mja fulani aliugua naye hakwenda. Daktari hana wajibu wa kidini wa kufika kila kitanda. Hata hivyo, anayesimulia masimulizi hayo kwa wanafunzi wa udaktari angewapa kitu ambacho hakimo katika mwongozo wa dozi.

Lakini mfano unaolingana zaidi na presha umo katika elimu ya Hadithi yenyewe. Wanazuoni walikuwa na tatizo lilelile la mgonjwa: namna ya kupokea habari nzito kutoka kwa mtu mwingine kuhusu jambo usiloweza kulishuhudia. Walichunguza kila mpokezi katika mnyororo wa waliosimuliana Hadithi, tabia yake, kumbukumbu yake, na kama kweli aliisikia habari kwa yule anayemtaja. Hapo maimamu wawili wakubwa walitofautiana. Imam Muslim aliridhika ikiwa wapokezi wawili waaminifu waliishi zama moja na iliwezekana wakutane. Bukhari, kwa mujibu wa wanazuoni wengi, aliweka sharti gumu zaidi: lazima ithibitike kuwa walikutana, walau mara moja.

Walau mara moja. Baada ya hapo masimulizi mengine yangeweza kukubaliwa bila kudai ushahidi wa kila kikao.

Sharti hilo lingefaa sana kliniki ya presha. Katika kukutana mara ya kwanza daktari hupima mikono yote miwili, kwa kuwa tofauti kubwa kati yake inaweza kuashiria mshipa ulioziba. Hutazama ndani ya jicho, mahali ambapo mishipa midogo ya damu huonekana kwa macho bila kupasua. Mgonjwa akiwa tayari anatumia amlodipine, hubonyeza kifundo cha mguu kutafuta uvimbe, ambao kamera iliyoelekezwa usoni haiwezi kuuona. Na mgonjwa naye anamchunguza daktari. Anamsalimia, anaitikiwa, anaona kama anasikilizwa anapoeleza kikohozi kikavu kilichoanza baada ya kupewa enalapril. Huko ndiko ushahidi unakojengwa.

Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 unaipa hoja hii nguvu. Wagonjwa 1,182 wa vituo 142 vya madaktari wa familia walishiriki. Baada ya mwaka, waliojipima nyumbani na kutuma majibu kwa simu walikuwa na wastani wa presha ya juu wa 136, na waliotegemea vipimo vya kliniki tu walikuwa na 140. Watetezi wa simu huishia hapo. Wangesoma zaidi wangeona kuwa majibu hayo yalikwenda kwa vituo ambavyo wagonjwa walikuwa wameandikishwa na kutibiwa tangu awali. Sharti la kukutana lilikuwa limeshatimizwa.

Rwanda ilionja upande mwingine. Huduma ya Babyl iliyoanza mwaka 2016 iliwawezesha watu kuzungumza na nesi na daktari hata kwa simu ndogo isiyo na intaneti, na zaidi ya milioni mbili walijiandikisha. Iliwapunguzia wengi safari na ilistahili kusifiwa. Kampuni mama ya Uingereza ilipoporomoka mwaka 2023, huduma ikafungwa. Mwenye mafua hakupoteza kitu. Mwenye presha anahitaji shahidi wake mwaka baada ya mwaka, na kampuni inapokufa hufa pamoja na uhusiano ulioanza kujengeka.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye presha hawajijui, na ni chini ya mmoja kati ya wanne ambaye presha yake imedhibitiwa. Hawatafikiwa wote bila simu. Wizara za afya, mifuko ya bima na hospitali zinazoanzisha huduma hizi ziandike basi katika taratibu zake mambo mawili: mgonjwa wa presha aonwe ana kwa ana kabla ya kuhudumiwa kwa mbali, na anayempigia baadaye awe ni daktari yuleyule au mwenzake wa kituo hichohicho. Mgonjwa anayepewa huduma ya simu bila hayo ana haki ya kuyadai.