Maisha ya Kujinyima na Maisha ya Kunyimwa

Lugha yetu ina vitenzi viwili vilivyozaliwa na shina moja, lakini maana zake ziko mbali kama mbingu na ardhi: kujinyima na kunyimwa. Anayejinyima anacho kitu, au angeweza kukipata, naye anakiacha kwa hiari yake. Anayenyimwa hakuulizwa. Kwa macho ya mpita njia watu hawa wawili hawatofautiani: chakula chao ni kimoja, mavazi yao ni mamoja, na wote huenda sokoni kwa miguu. Swali ninalotaka tulitafakari pamoja, ndugu msomaji, ni hili: je, ni haki kuwasifu wote wawili kwa sifa ile ile?

Swali hilo lilinishika nilipotembelea kijiji kimoja kidogo wilayani Ngara. Tulitoka Biharamulo, tukapita Lusahunga na Nyakahura, tukaingia katika vilima vinavyotazamana na Rwanda na Burundi. Kijiji chenyewe kinasifiwa kwa kilimo chake. Migomba na kahawa vimepandwa pamoja, na maharage yako chini yake. Udongo umefunikwa matandazo ya nyasi kavu ili jua lisiumalizie unyevu. Samadi ya ng'ombe na mbuzi hurudishwa shambani, na maganda ya ndizi hurudi kwa mbuzi. Hakuna kinachotupwa. Wenzangu niliofuatana nao kutoka mjini walifurahi mno, wakasema kwamba hapa pana watu walioikataa sumu ya viwandani na kuchagua kuishi kwa amani na ardhi.

Mama mmoja mzee, mwenyeji wetu, alisikiliza sifa hizo kwa adabu. Wenzangu walipotangulia mbele alinigeukia, akasema, "Mwanangu, hao wenzio wanasema tumeikataa mbolea ya dukani. Tumeikataa lini? Nani aliileta hapa tukamfukuza?" Akacheka. Kisha akaongeza kwamba samadi ni nzuri, mama yake aliitumia, naye hataiacha. Lakini mwaka ule ng'ombe wake walipokufa, alitamani sana kuwa na fedha za mfuko mmoja tu.

Sikumjibu, kwa maana alikuwa amesema kweli. Mwaka 2007 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana juu ya viwango vya mazao ya kilimo hai, na alama yake ikaitwa Kilimohai. Ni jambo jema, kwa sababu linaweza kumpatia mkulima bei bora. Hata hivyo alama ile hueleza jinsi zao lilivyolimwa. Haielezi kama mkulima alikuwa na njia nyingine. Na sisi wageni hupenda kulijaza pengo hilo kwa mawazo yetu wenyewe.

Ngara yenyewe inatupa mfano wa mtu aliyejinyima kweli. Marehemu Askofu Christopher Mwoleka aliliongoza Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia mwaka 1969 hadi 1996. Katika miaka ya Ujamaa hakuridhika kuhubiri umoja kutoka kwenye nyumba ya askofu. Alikwenda kuishi na wanakijiji wa kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashika jembe pamoja nao. Alifundisha kwamba fumbo la Utatu halikutolewa ili tulitegue kwa akili kama kitendawili, bali ni mfano wa maisha ya kushirikiana ambao tunapaswa kuuiga. Alifariki mwaka 2002.

Mtu anaweza kupinga, akasema kwamba umaskini wa askofu una mlango. Akiugua, atapelekwa hospitali. Akichoka, nyumba yake ipo. Lakini jirani yake wa Nyabihanga hana mlango huo. Pingamizi hili lina uzito, ila nadhani halimwondolei Mwoleka sifa yake. Linatuonyesha tu sifa hiyo iko wapi. Haiko katika ugali wala katika jembe, maana vitu hivyo hata jirani alikuwa navyo. Iko katika kwamba alikuwa na mlango akauacha wazi bila kutoka.

Kama hivyo ndivyo, basi hiari ndiyo roho ya jambo lenyewe. Mwalimu Nyerere alilijua hilo. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967 alisisitiza kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuishi kijamaa. Kule Ruvuma, vijiji vilivyoungana kuanzia Litowa vilikuwa vimekwisha kuonyesha kwamba wakulima wanaweza kujipangia maisha hayo wenyewe. Lakini umoja wao ulivunjwa na chama mwezi Septemba 1969, na mwezi Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 kila mtu awe kijijini. Nyumba zilikaribiana, je, mioyo nayo ilikaribiana? Mtu aliyehamishwa kwa lori hawezi kusifiwa kwa kupenda ujirani, hata kama jirani yuko hatua kumi tu.

Hapa ningeweza kuishia, nikasema kwamba pasipo na hiari hapana wema. Lakini ukweli una pembe nyingi. Miaka ya 2000 ugonjwa wa mnyauko wa migomba uliingia Kagera. Dawa ya kunyunyizia haikuwapo. Kilichosaidia ni kukata ua dume, kung'oa na kufukia mgomba ulioambukizwa, na kupitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Sasa, jirani mmoja akisema kwamba shamba ni lake na yeye hang'oi, shamba la mwenzake ndilo linaloangamia. Katika mambo ya namna hii kijiji kina haki ya kumlazimisha mtu. Hiari, basi, si ruhusa ya kila mtu kufanya apendavyo. Ni haki ya kushiriki kuitunga sheria itakayokubana wewe pamoja na wengine.

Tena kuna jambo la 1994. Tarehe 28 Aprili mwaka huo Wanyarwanda walianza kumiminika kwenye daraja la Rusumo, na katika muda wa siku moja hivi watu wapatao 250,000 wakawa wamevuka. Wenyeji wa Ngara hawakuulizwa. Kambi ya Benaco ikageuka mji mkubwa kuliko mji wowote waliowahi kuuona, na vilima vikabaki vipara kwa kukatiwa kuni. Kambi hizo za Wanyarwanda zilifungwa mwishoni mwa 1996. Hasara ile wenyeji walibebeshwa, hawakujitwika. Hata hivyo ndani ya hasara hiyo wapo waliomgawia mgeni maji na maharage bila kuamriwa na mtu. Kwa hiyo mtu asiyeichagua hali yake anaweza bado kuchagua atakalolitenda ndani ya hali hiyo. Hapo hasa, katika bakuli lile la maharage, aliyenyimwa anakuwa mtu wa kujinyima, na sifa yake naiona kubwa kuliko ya yeyote kati yetu tunaokula tukashiba.

Lakini tujihadhari na sifa hiyo, kwa kuwa ni rahisi kuigeuza kisingizio. Tukimwambia maskini kwamba umaskini wake ni mzuri, tunaweza kuacha kumletea barabara, zahanati na bei ya haki, huku tukijiona wema. Kwangu mimi kipimo ni hiki: anayekisifu kijiji cha namna ile ajiulize kama angefurahi kumwona mwanakijiji akipata uwezo wa kukataa maisha hayo. Yule mama apate fedha za mifuko kumi ya mbolea, mjukuu wake apate shule na kazi popote apendapo. Kama jambo hilo linatuhuzunisha, basi tulichokipenda ni mandhari tu, wala si watu. Kama linatufurahisha, tuwasaidie wafike huko. Na siku watakapokuwa na fedha mkononi na bado wakachota samadi zizini, tutakwenda kwao kujifunza, kwa sababu siku hiyo watakuwa na hoja ya kutueleza.