Nyuki wetu wanapewa majina na wengine

SIFA zote njema anastahiki Allah (SW), Mola aliyeipa Sura nzima ya Qur'an Tukufu jina la nyuki, nayo ni An-Nahl, Sura ya 16.

Ndugu Waislamu, aya ya 68 na ya 69 za Sura hiyo haziachwi katika mihadhara. Zinasomwa kwa sauti nzuri, inatajwa shifaa iliyomo katika asali, takbiri zinapigwa, kisha watu wanatawanyika. Muulize aliyepiga takbiri: hapa Kilangala porini mna nyuki wa aina ngapi? Atakutajia wawili, wakubwa wanaouma na wadogo wasiouma. Basi.

Wataalamu wamekwisha kuandika aina zipatazo elfu 20 duniani na bado wanaongeza. Wengi wao hawaweki asali ya kurinwa; kila jike ana kishimo chake ardhini au katika kijiti. Na kumtangaza nyuki mpya si kumwona tu. Hukaushwa, hutazamwa kwa hadubini mishipa ya mbawa, ulimi na miguu, hulinganishwa na walioandikwa zamani, ndipo huchapishwa kwa jina la Kilatini na yeye mwenyewe akahifadhiwa makumbusho. Ni kazi ya subira.

Nyuki wa asali wa pwani yetu alitenganishwa kwa maandishi na yule wa milimani mwaka 1961, na F. G. Smith, mtaalamu wa nyuki aliyefanya kazi Tanganyika. Alimwita litorea, yaani wa ufukweni. Babu zetu walikuwa wakirina asali yake tangu zamani za kale! Mwaka 1971 Mmarekani Charles Michener akampa nyuki mwingine jina la zanzibarica. Jamaa ya nyuki huyu hulea watoto wote pamoja ndani ya kijiti chenye uwazi, bila kuwagawia vyumba. Mimi siwalaumu mabwana hawa. Walifanya kazi.

Wako wanaosema kuhesabu wadudu ni upuuzi wa Wazungu. Hao hawajapata habari za al-Jahiz wa Basra, aliyeandika kitabu kikubwa cha wanyama katika karne ya 3 Hijria, wala za ad-Damiri wa Misri aliyemfuatia baadaye. Na Adam (AS), kwa mujibu wa Suratul Baqara aya ya 31, alifundishwa nini na Mola wake kama si majina?

Lakini lililo zito zaidi ni moto. Katika Hadithi ya Ibn Abbas iliyomo katika Sunan ya Abu Daud, Mtume (SAW) alikataza kuuawa viumbe wanne, na nyuki ni mmoja wao. Sisi tunafyeka msitu kwa ajili ya ufuta, tunatia kiberiti, na vijiti vyote vyenye viota vinateketea, pengine na aina isiyopata kuandikwa na mtu yeyote. Kisha ufuta ukitoa maua tunategemea nyuki hao hao waje!

Simwambii mkulima asilime, ana watoto wa kulisha. Ila kabla ya kuwasha, azunguke shamba. Mti wenye nyuki wadogo auache umesimama, na auzungushie njia ya moto. Ikiwa hapana budi kuukata, akate kile kipande chenye kiota jioni, nyuki wakisharudi, akakitundike upenuni kwake.