Je, Yafaa Kumpima Mtoto wa Mwenzio?

Tumeulizwa swali na binti mmoja wa hapa Longonot, aliyepata kuwa mwanafunzi wetu wa madrasa, na ambaye sasa yumo katika masomo ya shahada ya uzamili. Ilimu aliyoishika ni ya makuzi ya mtoto: jinsi mtoto akaavyo, atembeavyo, asemavyo, na apatavyo akili na tabia tangu kuzaliwa kwake. Ili akamilishe masomo hayo ametakiwa afanye utafiti, naye amechagua kuwatazama watoto ambao mama zao huondoka kabla ya jua kuchomoza kwenda kwenye mashamba ya maua ya Naivasha, wakabaki mikononi mwa bibi zao na dada zao. Wengi wa watoto hao wamo katika madrasa yetu.

Baba yake amekataa. Asema, "Mtoto si mbuzi wa mnada hata apapaswe na kupigiwa hesabu." Na mama mmoja, jirani yetu, amesema neno lililo zito zaidi: "Na mwanangu akionekana mjinga, litaandikwa wapi, na nani atakayelifuta?" Basi binti ametujia na kuuliza: kazi hii yafaa au haifai?

Na tuanze na lililo jepesi. Wako wasemao kwamba ilimu hii ni mambo ya Wazungu, na kwamba aliyelelewa na mamaye hana haja ya kwenda chuo kikuu kusomea malezi. Maneno hayo hayatuwekei kitu. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoimaliza mwaka 1377, aliwalinganisha watu wa Maghribi, wa Andalusi, wa Ifrikiya na wa Mashariki katika namna wanavyowafundisha watoto wao. Tena akaeleza kwamba ukali wa mwalimu humzoeza mtoto uwongo na hila. (Na sisi waalimu tunaoshika fimbo kabla ya kushika kitabu, hapo tusipapite mbio.) Kumtazama mtoto kwa makini, na kulinganisha nchi na nchi, si jambo lililozuka jana.

Swali la yule mama ndilo gumu. Yeye hakuuliza kama kupima kwafaa. Aliuliza kipimo ni cha nani.

Yako yaliyotokea katika nchi yetu wenyewe ambayo yatupasa kuyajua. Mwaka 1972 mke na mume kutoka Marekani, Sara Harkness na Charles Super, walikwenda kukaa miaka mitatu miongoni mwa Wakipsigis, katika nyanda za juu za magharibi ya Bonde la Ufa, mahali paitwapo Kokwet. Watu walikuwa wamezoea kuandika kwamba mtoto wa Kiafrika huwahi kukaa na kutembea kuliko wa Kizungu, na wengine wakadhani ni jambo la damu. Super akatazama, akaona kwamba watoto wa Kokwet huwahi katika yale wanayofundishwa. Mama humkalisha mtoto katika kishimo kidogo, akamwegemeza kwa nguo, na humfanyisha mazoezi ya kutembea kwa kusudi. Yale wasiyofundishwa, kama kutambaa, hawayawahi. Basi haikuwa damu, ilikuwa kazi ya mama, kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameihesabu kuwa ni mafunzo.

Kisha wakawajaribu watoto wa huko kwa kuwasimulia hadithi na kuwataka waisimulie tena. Wengi walinyamaza. Kwa kipimo kilichotoka ng'ambo, hao walikuwa pungufu wa akili. Lakini watoto wale wale, majumbani mwao, walikuwa wakilea wadogo zao, wakichunga ng'ombe, na kutumwa mbali wakarudi na jambo kamili. Sababu ilikuwa katika adabu: mtoto wa huko hufunzwa kumsikiliza mkubwa na kumtii, si kuketi mbele yake na kumhadithia jambo ambalo mkubwa mwenyewe alijua tangu mwanzo. Mwaka 1977 walitoa makala iliyouliza kwa nini mtoto wa Kiafrika ni mgumu kumjaribu. Wakipsigis nao wana neno lao, ng'om, lenye maana ya mwenye akili. Na akili ya shule kwao ni mbali, na akili ya nyumbani, ya mtoto anayetegemewa kwa kazi, ni mbali.

Hapa yatupasa tukiri letu. Tulikuwa na mtoto wa miaka tisa katika madrasa, tukimwuliza huinamisha kichwa. Kwa muda wa miaka miwili tulimwita mzito, tena mbele ya wenziwe. Siku moja tulikwenda kumjulia hali bibi yake aliyekuwa mgonjwa, naye katika mazungumzo akatuhadithia darasa yetu ya juma lile, mwanzo hata mwisho, pamoja na mfano tuliouleta wa mtu na kisima. Tukamwuliza ameipata wapi, kwani yeye haji darasani. Akasema, "Kwa mjukuu wangu. Kila usiku hunisomea mliyosema." Tulirudi kwa miguu, na mlima wa Longonot mbele yetu, hatuna la kusema. Miaka miwili tulikuwa tukimpima mtoto wa mtu bila ya ruhusa ya mzazi, bila ya kuandika popote, wala bila ya mtu wa kutuuliza umejuaje.

Kwa hiyo twamwambia baba wa binti yetu, kwa heshima: watoto wanapimwa. Mwalimu wa shule anawapima, wa kliniki anawapima, na sheikh juu ya mkeka anawapima. Lililobaki ni kama mpimaji ana ilimu na ana mwenye kumhoji.

Kisha lau wenyeji hawataisoma ilimu hii, wataisoma wageni peke yao. Mary Ainsworth, aliyekuwa Uganda mwaka 1954 na 1955, aliwatembelea watu wa nyumba 26 za Waganda karibu na Kampala, kila majuma mawili, hadi saa mbili kila mara, wengine kwa muda wa miezi tisa. Aliyoyaona kwa wale akina mama yakawa miongoni mwa misingi ya ilimu ifundishwayo leo ulimwenguni kuhusu mtoto anavyoshikamana na mamaye. Twamsifu kwa subira yake. Lakini majina ya akina mama hao, walimu wake, ni nani ayatajaye? Mwaka 1966 kiliundwa Nairobi kitengo cha utafiti wa makuzi ya mtoto chini ya John Whiting, na mkewe Beatrice akafanya kazi humo, na wanafunzi wa Kenya wakafundishwa kuzitafiti jamaa za kwao. Na huko Kilifi, Amina Abubakar na wenziwe walitengeneza kipimo cha viungo vya mtoto wa miezi 6 hadi 35, kwa vifaa vinavyopatikana huku huku, wakakitangaza mwaka 2008. Huyo ni mwanamke wa Kenya, na kazi hiyo ni ya masomo haya haya ambayo binti yetu anakatazwa.

Tulimwita binti pamoja na yule mama, tukakaa. Binti akaeleza kwamba sheria yamlazimu apate kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, na idhini ya kamati ya maadili, na ridhaa ya mzazi, na mtoto mwenyewe akikataa aachwe. Hayo tukayapokea. Sisi tukaongeza kwamba akae na watoto majuma kadha kabla ya kuwauliza lolote, na matokeo ayalete hapa mkekani kwa lugha ya akina mama. Hili la mwisho lilimtatiza. Akasema, "Mwalimu, mimi sitasema huyu hivi na yule vile. Nawatazama wote kwa jumla, na siri ya kila mmoja ni amana."

Tukamwuliza, "Na ukiona mtoto hasikii vizuri, je, hiyo nayo utaifanya siri?"

Akasema, "Hiyo sharti nimwambie mzazi, na nimwelekeze hospitali. Nikinyamaza nitakuwa nimemdhulumu."

Yule mama alikuwa akisokota ncha ya leso yake. Kwa kitambo hakusema kitu. Kisha akauliza kama mwanawe wa miaka mitatu, ambaye akiitwa kwa nyuma hageuki, aweza kutazamwa kabla ya wengine wote.

Wamepatana Jumamosi, baada ya sala ya alasiri. Baba wa binti hajakubali bado. Amesema atakuja kusikiliza.