Je, Anayesahau Ahadi ni Mnafiki?



Sote tumefundishwa hadithi ya alama za mnafiki, na mojawapo ni kuahidi kisha kutotimiza. Hatari yake ni kwamba tunaitumia kwa wenzetu haraka mno. Imam Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, analielekeza onyo hilo kwa anayeahidi huku amekusudia kuvunja, au anayeacha kutimiza bila udhuru. Aliyekusudia kweli akazuiwa na udhuru si mnafiki, ingawa ajihadhari na sura ya unafiki.

Sasa, je, kusahau kila mara ni udhuru?

Namfikiria ndugu mmoja katika jumuiya yetu hapa Bujumbura. Aliahidi kuleta hesabu ya pesa za futari, akasahau mara tatu. Sufuria zake huungua jikoni. Vitabu vitano ameanza, hakuna alichomaliza. Lakini mpe redio iliyokufa, atakesha nayo hadi alfajiri bila kuinua kichwa. Hilo ndilo linalowaudhi watu zaidi: “Mbona akitaka anaweza?”

Madaktari wanaijua hali ya namna hii, wanaiita ADHD. Wengi wetu tunadhani ni ya watoto watundu tu. Kweli huanza utotoni, lakini kwa wengi haiishii huko. Mtu akikua, kukimbia-kimbia hupungua. Kusahau, kuchelewa na kushindwa kuanza kazi hubaki. Na umakini wao haujakosekana, umekosa usukani: jambo linalovutia huuteka, na jambo lililo muhimu tu halitoshi kuuamsha. Wasichana wengi hawatambuliwi kwa kuwa hawasumbui darasani, hukaa kimya mawazo yakiwa mbali.

Si kila anayepoteza funguo ana hali hii, nami si daktari wa kumbandika ndugu yetu jina. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013 unataka kwa mtu mzima dalili tano au zaidi za kukosa umakini, au tano za kukosa utulivu, baadhi ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, tena zimvuruge mahali zaidi ya pamoja, kama nyumbani na kazini. Hata madaktari walianza na lugha ya lawama: mwaka 1902 huko London, George Still aliwaeleza wenzake habari za watoto wa namna hii akaiita hali yao kasoro ya kujizuia kimaadili.

Kwa hiyo mimi naona udhuru upo. Lakini udhuru unaondoa nini? Fiqhi yetu hutenganisha dhambi na dhamana. Aliyeharibu mali ya mtu kwa bahati mbaya hana dhambi, na bado analipa. Aliyesahau sala halaumiwi, na bado anaisali anapokumbuka. Wanafunzi waliochanga pesa za futari wana haki ya kuona hesabu, awe aliyesahau ni mgonjwa au mzima.

Na tazama sheria inavyomtendea msahaulifu. Imemwekea sijda ya kusahau ndani ya sala yenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Al-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Mfanyabiashara hakuambiwa akumbuke vizuri, aliambiwa aandike. Wenye maduka wa Buyenzi wanalijua hilo, daftari la madeni haliondoki mezani. Sisi tulimpa ndugu yetu kazi kwa mdomo, mlangoni pa msikiti baada ya Isha, hakuna aliyeandika tarehe wala aliyepewa kumkumbusha. Anayejijua ni msahaulifu akakataa daftari, huyo nitamlaumu. Ila na sisi tulikuwa na la kufanya.

Wapo wanaosema dua inatosha. Dua haijawahi kuzuia dawa, na kwa hali hii dawa zipo, pamoja na mafunzo ya kupanga siku. Ukijiona katika maneno haya, usijipe jina mwenyewe, nenda kwa daktari. Atakuuliza ulikuwaje shule ya msingi, kwa hiyo kabla ya kwenda mpigie mama simu umuulize walimu walikuwa wakimwambia nini, na uyaandike kabla hujaweka simu chini.