Sataranji kwa Barua

Mwaka 1824 chama cha sataranji cha Edinburgh, Uskoti, kilichodhaniwa dhaifu mbele ya mabingwa wa London, kilianza kushindana nao kwa barua, kila mwendo wa kete ukichukuliwa na gari la posta lililokokotwa na farasi, hata ikatimu 1828 ndipo hatima ikadhihirika. Katika mchezo mmoja watu wa London walituma mwendo, wakajuta, wakaandika upesi kutaka kuurejesha. Waskoti, kwa adabu kamili, wakakataa, nami nawapa haki. Basi wale waliodharauliwa wakashinda michezo miwili, wakafungwa mmoja, miwili ikawa suluhu, na ufunguzi mmoja uliochezwa humo ukaitwa wa Kiskoti hadi leo.