Sarafu Yenye Tope Bado Ni Sarafu

Somo: Luka 15:8-10, Mathayo 22:15-22

Leo naongea juu ya pesa. Tulia, si sadaka. Ni pesa ya zamani.

Mama mmoja wa ushirika wetu wa nyumbani hapa Thika alinionyesha mkebe wa ndururu za mkoloni, zile zenye tundu katikati. Zilikuwa zimejaa tope. Mjukuu wake alikuwa tayari na jivu na waya wa kusugulia sufuria. Nikamwambia, "Ngoja kwanza, kijana."

Wanaokusanya sarafu wanajua hivi: ukiisugua itang'aa, lakini umekwangua uso wake, na bei inashuka. Kama ni tope, loweka kwa maji safi, suuza, kausha polepole kwa kitambaa laini. Basi.

Kanisa, sisi tuna waya mkononi! Kijana anatoka kwa chang'aa, anaingia ibadani, na kabla hajakaa tumeanza: "Ulikuwa wapi? Mama yako amelia wewe ukilewa!" Jumapili hiyo anatubu mbele ya watu wote. Jumapili ya pili haonekani. Sisemi dhambi si dhambi. Tope ni tope, na lazima litoke. Lakini Bwana ameweka maji. Waya ni wetu sisi.

Mwangalie yule mwanamke wa Luka 15. Aliwasha taa, akafagia, akatafuta kwa bidii. Kilichofagiwa ni nyumba. Sarafu yenyewe ilipopatikana, aliita majirani wafurahi naye.

Jambo la pili ni thamani. Katika ule mkebe kulikuwa na ndururu ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza. Huyo hakumaliza hata mwaka. Desemba 1936 aliacha kiti kabla ya kuvikwa taji. (Na usidanganyike: ndururu hizo zilitengenezwa nyingi. Anayekuambia utume ada kwanza ndipo akupe mamilioni, mkimbie!) Mfalme aliondoka, jina likabaki kwenye shaba. Yesu aliposhika dinari aliuliza sura na jina ni vya nani. Wewe una sura ya Mungu, Mwanzo 1:27. Na Aliyekuumba hajajiuzulu. Haleluya!

La tatu ni saa. Mnakumbuka noti ya zamani ya elfu moja? Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba mwisho wake ni 30 Septemba. Miezi minne mizima. Bado noti zaidi ya milioni 7 hazikurudi. Asubuhi ya Oktoba 1 karatasi ilikuwa ile ile, rangi ile ile, lakini haikununua hata mandazi. Aliyeitoa alikuwa ameshasema siku.

Ndugu unayesema "nitaokoka kesho", mlango uko wazi leo. Na wewe uliyeokoka kitambo, kuna mtu unayemjua kutoka Makongeni au Ruiru aliyekuwa akikaa kiti cha karibu nawe, na sasa hayuko. Kabla ya Jumapili, mpigie simu. Usimuulize alikokuwa. Mwambie tumemkosa, na umngoje mlangoni.

Baba, tunyang'anye waya, utupe taa na ufagio. Katika jina la Yesu. Amina.