Mjukuu, Ling'oe Kabla Halijachanua

Mjukuu wangu, gugu karoti limeshatufikia. Pita barabara za Arusha baada ya mvua ujionee: kando ya lami, kwenye viwanja visivyojengwa, mpaka malishoni. Kwa haraka utasema karoti imejiotea, maana majani yamechanika vilevile. Usidanganyike.

Lishike shina ulitazame. Likiwa changa, majani yamelala chini yametandaa ardhini. Likikua, shina linasimama, lina mifereji na vinyweleo, na lingine linafika kimo cha mtu mzima. Juu kuna viua vyeupe, vidogo kama chenga za mchele. Ukishaviona hivyo, umechelewa. Shina moja laweza kutoa mbegu 15,000 na zaidi, na mbegu hizo hulala udongoni miaka zikingoja mvua.

Anayengoja ua, atapalilia na wajukuu.

Najua mnasema, "Babu, gugu ni gugu tu." Hapana, mwanangu. Hili lina sumu. Linazuia mahindi na nyasi kuota vizuri karibu nalo. Ng'ombe hulikwepa, njaa ikimlazimisha kulila, maziwa hutoka machungu, na nani atayanunua? Nawe ukilishika mara kwa mara, ngozi itawasha, vipele vitatoka shingoni, kifua kitabana. Wapo ambao likishawadhuru hivyo, hawawezi tena kulikaribia shamba lao wenyewe.

Asili yake ni Amerika. India linasemekana kuingia na shehena za ngano miaka ya 1950, na leo limetapakaa nchi nzima. Ethiopia nako limevamia mashamba na malisho. Wakulima wa huko hawakuwa wavivu.

Ling'oe, nakusihi. Ling'oe ardhi ikiwa na unyevu, litoke na mzizi wake. Ukilifyeka tu, linachipua upya. Vaa glovu na shati la mikono mirefu, funga kitambaa puani. Yaliyokwisha chanua yatie kwenye kiroba taratibu, usiyakung'ute njiani, kisha yachomwe. Halafu rudi baada ya wiki tatu, maana mengine yatakuwa yameota, na ndani ya mwezi mmoja hivi gugu hili laweza kuwa na maua.

Na hayo matrekta ya kukodi! Trekta linatoka shamba la mtu na matope magurudumuni, nawe unalipokea kwa furaha. Lioshwe huko huko lilikotoka. Majani ya ng'ombe ya kununua, mchanga, samadi, uliza vimetoka wapi. Wala usijaze mifugo malishoni mpaka ardhi ibaki wazi, maana penye nyasi nene gugu hili hupata taabu kuota. Ardhi tupu haikosi mvamizi.

Kesho alfajiri zunguka mipaka ya shamba lako, na ya jirani mjane asiye na kijana wa kumsaidia. Ukiliona moja, ling'oe hapo hapo. Ukiyaona mengi, mwite bwana shamba siku hiyo hiyo, mjukuu wangu, usingoje msimu upite.